Hirizi ya Mwanangu Mkononi mwa Mama Selestina

Jamani, umewahi kuona mama wa kwaya anazikwa bila wimbo hata mmoja?

Mimi nimeona, hapa hapa mtaani kwetu Pasiansi. Na chanzo nilikuwa mimi.

Naitwa Dorcas. Mume wangu Elias alikuwa mwinjilisti.

Mwaka juzi mwanangu Precious alishikwa na degedege. Akatibiwa, likarudi. Tukaomba, wapi! Elias akiwa safarini, nikavuka ziwa na mtoto kwa kivuko hadi Kamanga, kwa mganga.

Jirani yangu Mama Selestina aliniona naondoka nalia. Akahisi ninakokwenda, akapanda kivuko kilichofuata, akaulizia hadi kwa mganga. Mganga ndiyo kwanza amemfunga mtoto hirizi, huyo akaingia.

"Dorcas! Mbebe mtoto, twende hospitali sasa hivi!"

Akaikata ile hirizi. Mimi kwa aibu nikambeba mtoto, nikatokea uani. Yeye akatoka mbele, hirizi mkononi, akakutana uso kwa uso na Mzee Nkwabi, mzee wetu wa kanisa, kaja kijijini hapo kununua mihogo.

Precious alilazwa siku nane, akapona.

Wazee wakamwita Mama Selestina.

"Ulifuata nini kwa mganga?"

"Siwezi kusema, wazee wangu."

Mimi nilikuwepo, nawamiminia chai. Nikauchuna. Ningefungua mdomo, Elias angevuliwa huduma siku hiyo hiyo.

Wakamtenga. Kwaya akatolewa, meza ya Bwana akanyimwa, Jumapili anakaa benchi la mwisho peke yake. Hata dagaa wake watu wakaacha kununua. Miezi kumi na moja! Mwisho ini likamlaza kitandani.

Nikaenda kumwona.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Nkwabi aliniona natoka tu. Mungu aliniona tangu naingia, na anajua nilichofuata. Ila sema, Dorcas. Natamani nizikwe na kanisa langu."

Nikaapa nitasema Jumapili.

Jumapili ikafika. Nikamwangalia Elias pale mimbarini, nikashindwa.

Jumanne Mama Selestina akafariki.

Kwetu aliyetengwa hazikwi na kanisa. Alhamisi tukaenda kuzika; mchungaji hakuja, kwaya haikuja. Elias alisimama pale kama jirani tu, mikono mitupu. Waliposhika makoleo, uzalendo ukanishinda.

"Ngojeni! Aliyeenda kwa mganga ni mimi! Yeye alikuja kunitoa!"

Elias akanitazama kama hanijui.

Selestina, binti wa marehemu, akanisogelea. Nikajua leo nakula makofi.

"Najua, dada. Mama aliniambia, akanikataza kukutaja. Kila Jumapili kule nyuma alikuwa anakuombea upate ujasiri wa kusema. Mimi nikamwambia, 'Mungu hakusikii, mama.' Nilimwambia hivyo mpaka juzi."

Akaanza kulia. "Kumbe alikuwa anamsikia."

Nililia mpaka nikaanguka kwenye ule udongo.

Ndugu yangu unayeteseka bila kosa, Mungu hajakupa kisogo. Kesi yako anaijua kuliko wazee wote wa kanisa, hata kama wanadamu watakuzika nayo.

Na wewe unayeujua ukweli ukanyamaza, sema leo. Mimi nilichelewa siku mbili.