Tanga Kati ya Mkwe na Mkwe

Mbambu hakumwacha mgeni apande mashua na hofu yake. Alimshika mkono kabla hajainua mguu, akamwambia akanyage katikati, kisha akamkalisha juu ya mto wa pamba alioushona mwenyewe. Mumewe Valère alishika usukani. Wageni walikuwa kazi ya Mbambu. Vita viliwatoa Kongo, wakapata chumba mtaa wa Kasubi, na ile mashua ndogo ya tanga, iliyoundwa na Valère mwenyewe katika ufukwe wa ziwa pale Gaba, ndiyo iliyowalisha.

Kila Jumapili wauguzi wa hospitali ya Mulago na walimu wa chuo cha Kyambogo walikuja kupumua. Na mwaka ule wa sabini na tano, kupumua halikuwa jambo dogo. Mjini mtu aligeuka nyuma kabla ya kusema neno. Wenye bunduki wa serikali ya kijeshi walichukua gari, nyumba, hata mume wa mtu, mchana kweupe. Ndani ya mashua ya Mbambu watu walicheka kwa sauti. Kuwachekesha watu wakati ule kulikuwa ni kuupinga udhalimu, ingawa yeye angesema anakaribisha wageni tu.

Kisha likaja neno kwamba mashua za tanga ziondolewe ziwani, kwa kuwa watu walitoroka nazo kwenda Kenya. Inspekta Komakech, mkuu wa polisi wa ufukweni, ndiye wa kuamua ipi ibaki.

"Jumapili nitakuja na watu wa nyumbani," alimwambia Valère. "Nikiona ni mashua ya matembezi, itabaki. Nikiona mambo mengine, nachoma na petroli."

Valère alipoteza hamu ya kula. Mbambu alifua mito.

"Naye ana makalio kama watu wote," alisema. "Nitamkalisha vizuri."

Jumapili asubuhi Komakech alifika na mkewe, Laker. Nyuma yao, mbali kidogo, alikuja bibi mrefu aliyeitwa Adong. Mbambu alimtazama, akamtazama na Komakech kwa urefu wake, akakata shauri kwamba ni mama na mwanawe. Walipokwisha kuondoka ufukweni, akamshika bibi kwa heshima zote, akamkalisha kwenye mto bora, ubavuni mwa inspekta.

"Afande, mshike mama mkono, asiogope mawimbi!"

Komakech aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Mashua ikalala upande, maji yakaingia.

"Kaa chini, afande!" Valère akapiga kelele.

Adong alikuwa amejifunika shuka usoni na kuwageuzia wote mgongo. Laker akamvuta Mbambu.

"Dada, umetumaliza! Huyo ni mama yangu mimi. Kwetu Acholi mwanamume hakai karibu na mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake. Nilidhani mashua ni kubwa!"

"Rudisha mashua," Komakech alinguruma, macho kwenye maji. "Maneno imekwisha."

"Bado, papa," Mbambu akajibu, akimwita baba kwa heshima ya kwao. Alijua wakigusa mchanga sasa, jioni ni petroli. Akainua uso; upepo ulitoka nchi kavu, ukiwasukuma kutoka nyuma. "Valère! Fungua tanga lote, lisukume nje mpaka likingame!"

Akamwongoza Adong mbele ya mlingoti, upande ule ule wa tanga, akamwekea mito miwili. Tanga likajaa, likawa ukuta mweupe. Wa mbele hakumwona wa nyuma, wala wa nyuma hakumwona wa mbele.

"Sasa, mama, hii ni nyumba yako. Yeye ana yake."

Shuka likashuka taratibu. Mbambu akampa chai na gonja, ndizi tamu ya kuchoma, kisha akainama chini ya tanga kumpelekea Komakech za kwake. Muda si muda bibi akavua viatu, akatia vidole majini. Marehemu mumewe alikuwa askari, na Kiswahili chake cha kambini kikaanza kufunguka; wakaongea mengi na Mbambu, hata habari ya petroli.

Walipofika kisiwani, mwisho wa matembezi, Komakech alitaka kurudi mara moja.

"Tukirudi sasa upepo utatupiga usoni," Valère alimweleza. "Tutalibana tanga, na ukuta wako utakwisha. Ngoja upepo wa ziwa uamke."

Komakech akakubali haraka. Alasiri ukaamka, ukawasukuma kuelekea Gaba, tanga limekingama vilevile. Ndipo sauti ikatoka mbele.

"Binti wa mashua! Mwambie huyo mtoto wa watu nimekaa vizuri. Jumapili nyingine nakuja na dada zangu. Uliza kama mashua itakuwepo."

Kila mtu alisikia. Hata hivyo Mbambu alilirudia neno kwa ukamilifu, kama mjumbe wa posa.

 Komakech angeweza kumkatalia mfanyabiashara, hata mwanajeshi akiwa na bahati. Mama wa mkewe, hapana.

"Mwambie itakuwepo."

"Mama, itakuwepo!"

"Na akija mwingine na petroli yake?" bibi akauliza.

Laker alijiziba mdomo asicheke. Komakech akashusha pumzi.

"Mwambie atapita kwangu kwanza."

"Atapita kwake kwanza, mama!" Mbambu akapaza sauti, iwafikie hata waliosimama ufukweni.