Msalimie Mama Yako

Nakumbuka siku Bibi yangu alipomwambia mwanamke mtu mzima, Mzungu, amwamkie mtoto mchanga. Imenirudia leo, mwanangu, uliponipigia kutoka Mwisenge kuniambia umejifungua msichana na mnamtafutia jina mtandaoni. Msitafute kwanza, nisikilize. Nimefurahi mno hata chai nimeisahau jikoni.

Nilipokuwa msichana, kwetu Butiama alikuwa akija huyo Mzungu, mchoraji kutoka Musoma mjini, tukimwita Mama Ruti. Alikuja kuwachora wanawake wakisiriba nyumba kwa samadi na majivu, naye akaishia kusiriba pamoja nao. Bibi alimpenda. Siku alipoambiwa Ruti ni Myahudi, alishika kiuno akasema, "Kumbe bado wapo? Mimi nilijuaga wako kwenye Biblia tu." Ruti alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo akatusimulia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa binti mdogo, askari walikuja kuwakamata Wayahudi wa mji wao huko Ulaya. Mama yake alimpitisha kwenye dirisha la jikoni, akamwambia akimbie na asigeuke. Hakugeuka. Alifichwa na wakulima kwenye majani ya ng'ombe, akavuka milima kwa miguu, mwisho akapata meli iliyomleta Afrika. Kwao hakubaki mtu. Alikuja kuwa mchoraji, picha zake zikapelekwa nchi za mbali, lakini picha ya mama yake ilimshinda. Alituonyesha: gauni lipo, mikono ipo, na penye uso pameachwa peupe.

"Huyu mbona hana sura?" Bibi akauliza.

"Ni mama yangu, Hana. Sura yake imenipotea."

"Na nani anaitwaga jina lake?"

"Hakuna, Bibi. Nimebaki peke yangu."

Bibi alikasirika kweli, kama mtu aliyeibiwa. "Haiwezekani. Mtu anapoteaje wakati watoto wanazaliwaga kila siku?"

Unajua desturi yetu: mtoto hubeba jina la aliyetangulia, na tunamwamkia kama tulivyomwamkia mwenyewe. Ruti akasema hata kwao mtoto hupewa jina la marehemu. Bibi akamtazama mama yangu, ambaye mimba yake ilikuwa kubwa.

Mama alipojifungua, Baba alitumwa kumleta Ruti kwa baiskeli. Alipoingia, mtoto alikuwa analia na kukataa ziwa, na ulikuwa wakati wa kumtajia majina: lile analonyamazia ndilo lake. Bibi akataja marehemu wetu mmoja baada ya mwingine, mtoto akazidi kulia. Shangazi zangu wakanong'ona kwamba jina la mgeni litawaudhi wazee waliolala. Bibi hakuwasikiliza. Akasema, "Hana." Mtoto akashika ziwa, akanyamaza. Ukiniambia ilikuwa njaa tu sitabishana nawe, lakini vigelegele vya siku ile bado ninavyo masikioni.

Mtoto aliposhiba, Bibi akampakatisha Ruti. "Msalimie mama yako."

"Shikamoo, Mama," Ruti akasema, machozi yakimtiririka. Mara akaanza kucheka. Alikuwa amekumbuka kwamba mama yake alizoea kuziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka.

Alipokuja tena, ile picha ilikuwa na uso: mwanamke anacheka, kiganja mdomoni, macho yamefumba. Ndiyo hiyo iliyoko Bunda kwa mama yako mdogo Hana, uliyokuwa ukiniuliza utotoni huyu Mzungu anacheka nini. Ruti alizeekea Musoma akichora hadi vidole vilipokataa, na sisi ndio tuliomzika. Hakuwahi kuzaa.

Mwanangu, majina ya mtandaoni ni mazuri na sina ugomvi nayo. Ila ukikutana na mtu aliyepoteza watu wake, usiishie kumpa pole. Mfanyie nafasi kwenu, hata kama damu si moja, na akifa usikubali jina lake lizikwe naye. Bibi alinifundisha hilo, na nimesubiri muda mrefu azaliwe msichana kwetu.

Mungu amkuze mwanao, ampe mikono ya kazi na kicheko kisichokauka, wala asije akafukuzwa kwao na mtu yeyote. Kesho asubuhi napanda gari. Ukikubali ninachokuomba, nitaingia kwako, nitampakata, na nitamwambia: Shikamoo, Mama Ruti.