Gwaride Lililosahauliwa Juani

Wiki hii nilialikwa chuo kimoja hapa Malaba, kwenye kikao cha kutafuta kwa nini wanafunzi wanakihama kikosi chao cha kadeti. Waliobaki walitupigia saluti, tukawapita, tukaingia ofisini kunywa chai.

"Hawa watoto wa siku hizi hawana moyo," mkuu wa chuo alisema.

"Ni simu, boss," nikaongeza, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Mara tukasikia kishindo. Tulipotoka tulikuta kikosi bado kimesimama wima juani, palepale tulipokiacha. Hakuna aliyekumbuka kuwaruhusu wapumzike. Msichana mmoja alikuwa ameanguka. Mkufunzi wao, aliyekuwa akinywa chai nasi, alipiga magoti, akamnyunyizia maji, naye akafumbua macho.

"Afande, nimeharibu laini ya gwaride?"

Mkuu wa chuo aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa bado nimeshika kikombe, nikatamani ardhi inimeze.

Tukawatolea viti vyetu. Hakuna aliyekaa mpaka mkufunzi alipotoa amri.

Sasa mtu akiniambia vijana hawana moyo, namuuliza kwanza yeye amekaa wapi.