Kilichosemwa Chumba cha Kijani

Ukitaka kumuudhi Radmila Hůlková, mwambie kazi yake ni kunywa kahawa na kupiga soga na mabalozi. Hatakujibu, maana si mtu wa kugombana, ila kahawa ya mkono wake hutaionja tena. Na tuseme ukweli, kahawa ipo, na mabalozi wapo. Taasisi yao imejibana ghorofa ya tatu hapa Praha, juu ya duka la miwani, na kazi yao ni kuchunguza sera za Ulaya na za kimataifa: Brussels wameamua nini, Berlin wamenunia nini, na sisi Wacheki yatatukuta yapi. Wanaandika ripoti, wanaita wakubwa wa serikali, wanawakalisha meza moja na wataalamu na kuwauliza yale ambayo bungeni hayaulizwi. Radmila amepewa makaa ya mawe na umeme.

Mambo hayo hakuyaokota vitabuni. Kazaliwa Dolní Rašov, kule kaskazini, ambako shimo la makaa limemeza mpaka shule aliyosomea. Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa mchimbaji, na mdogo wake Luboš anaendesha mtambo katika shimo hilohilo. Majirani wakimuuliza mama yao binti anafanya kazi gani huko Praha, anajibu "yuko na Ulaya", utadhani Ulaya ni jina la mkwe. Luboš yeye aliwahi kujaribu kusoma ripoti ya dada yake, akakwama ukurasa wa kwanza, na tangu siku hiyo hampi nafasi ya kupumua. Anasema Radmila akiona nyumba inawaka moto, atatangaza kuwa zipo dalili za ongezeko la joto ambazo, iwapo hali itaendelea, huenda zikahitaji maji.

Radmila hucheka nao, lakini utani huo unamchoma, kwa sababu ni kweli. Kazi ile imemfundisha kupima kila "huenda" na kila "inaelekea", na imemfundisha zaidi kunyamaza. Pale ofisini kuna chumba chenye kuta za kijani, na sheria yake ni moja: mlango ukishafungwa, kinachosemwa hakitoki. Si jina la msemaji tu, hata neno lenyewe. Ndiyo maana wakubwa wanakubali kuja. Mkurugenzi, Dakta Tichánek, huirudia sheria hiyo kila mara kwa upole uleule, na watu wanaweka kalamu chini. Hakuna aliyeishika kuliko Radmila. Rafiki yake wa chuo, mwandishi wa habari, alimbembeleza siku moja amdokeze kidogo tu. Alimkatalia kavukavu, na urafiki ukaishia hapo.

Sasa ikaja Alhamisi moja ya vuli. Wageni walikuwa wachache, na kati yao afisa mmoja mzito wa wizara. Huku akikoroga chai yake, akasema kwamba shimo la Dolní Rašov halitafika ile tarehe iliyotangazwa. Litafungwa majira ya baridi ya mwaka unaofuata, na wachimbaji wataambiwa uchaguzi ukishapita. Akasema hivyo, akanywa chai. Hakuna aliyeshtuka. Bwana mmoja wa benki akauliza habari za bei ya gesi, na mazungumzo yakaendelea. Radmila alijikuta amekishika kiti kwa mikono miwili.

Si kwamba hakuwa akijua shimo litafungwa siku moja. Kilichomkata maini ni Luboš. Kampuni moja ya reli ng'ambo ya mpaka, kwa Wajerumani, ilikuwa imempa nafasi ya kusomea udereva wa treni, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Luboš alikuwa anaelekea kukataa. Umri umeshasogea, Kijerumani kinamtoa jasho, na waziri ameahidi kazi ya shimo mpaka Luboš akaribie kustaafu. Arudi darasani kutafuta nini? Lakini shimo likija kufungwa ghafla, Rašov nzima itazikimbilia nafasi hizohizo, naye atakuwa mkiani mwa foleni, mzee wa kwanza kuambiwa asubiri.

Ijumaa alimwendea Dakta Tichánek. Hakuficha kitu, alimweleza habari za mdogo wake, akamwomba ruhusa aandike japo makala fupi. Tichánek si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema anamhurumia kwa moyo wote. Lakini wakilitoa hili, yule afisa harudi tena, wala mwingine haji, na wao watabaki kuandika wanayoyasoma magazetini kama watu wote. Alikuwa na haki, ndugu zangu, na hilo ndilo lililomuumiza Radmila. Mtu anayekosea ungeweza kubishana naye.

Jumapili akapanda treni kwenda kwao. Mama alikuwa amechoma nguruwe, kuna kabichi chachu na knedliki, yale madonge ya unga, zinafuka mvuke, na televisheni inapiga kelele za mpira wa magongo kama kila Jumapili. Radmila alisubiri mpaka sahani zikajaa.

"Ile nafasi ya reli," akaanza, "nadhani ingefaa uitazame kwa mapana. Mwelekeo wa sera kwa jumla unaashiria..."

"Mama, lete mto," Luboš akasema. "Ripoti imeanza."

Mama akacheka. Radmila akajaribu tena, safari hii kwa kupitia mlango wa nyuma: kwamba tarehe za serikali huwa hazina uhakika, kwamba wapo wanaoamini mambo yanaweza kwenda haraka. Luboš akaacha kutafuna. Akauliza ni akina nani hao wanaoamini. Radmila akasema hawezi kuwataja.

"Basi huna mtu," Luboš akasema. "Waziri kasema mbele ya kamera, kwa jina lake. Sisi shimoni, mtu akikuambia ukuta umepasuka, anakuambia mimi nimeuona. Hakuambii wapo waliouona."

Mama akamwambia Luboš amwache dada yake ale. Lakini dada mtu hakuwa na hamu ya kula. Aliweka uma chini. Maneno yale yote mazuri ya kazini aliyatafuta, na hakuna hata moja lililofaa mezani pale.

"Shimo linafungwa baridi ya mwakani," akasema. "Nimelisikia kwa masikio yangu, kwa mtu anayejua. Niliahidi kunyamaza, na sasa nimesema. Kesho wajibu wale watu kwamba unakwenda."

Mama akainuka kwenda kuongeza mchuzi, na bakuli la mchuzi lilikuwa limejaa. Luboš alimtazama dada yake, utani wote umemtoka usoni.

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Halijawahi kumtoka jibu fupi hivyo, na wote wawili hapo walilijua hilo. Luboš akasukuma sahani, akatoa simu mfukoni. Radmila alidhani anawapigia jamaa wa reli, akakumbuka kuwa leo ni Jumapili.

"Bořek naye anatakiwa kujibu kesho," Luboš akasema. "Tulishakubaliana tukatae pamoja."

Bořek ni mwenzake wa zamu, ndio wanaopokezana mtambo. Ana mapacha, hata kutambaa bado. Radmila akamwambia asithubutu. Ndugu ni ndugu, lakini Bořek akijua, kabla ya jioni mji mzima umejua, na Praha hawatauliza mara mbili limetoka kinywani mwa nani. Chumba kile hatakiingia tena. Pengine na ofisi yenyewe.

"Sasa dada," Luboš akasema taratibu, wala hakukasirika, "kesho asubuhi ninakaa naye. Nitamtazamaje?"

 Akilini Radmila alimwona yule afisa anakoroga chai, na wote waliokuwa mezani wanapitishiana sukari, na yeye mwenyewe katikati yao. Miaka yote hiyo alikuwa amejisifu kwa kuujua ukimya, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza ukimya huo unamkuta nani. Luboš hakupiga simu. Aliishika tu mkononi, anamsubiri dada yake.

Radmila akainuka, akaenda kupunguza sauti ya televisheni.

"Mpigie," akasema. "Na akikuuliza nani kasema, mtajie jina langu."