Sayari Mbili na Jiwe Moja la Mfereji

Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, mimi nilikuwa bado nimekaa. Kwa hiyo msicheke nikisema niliwahi kuandika riwaya ya mambo ya anga. Daftari mbili, kalamu ya bluu, nyumbani kwetu kwenye miteremko ya Meru, ukipita Akheri.

Hadithi yenyewe: Sayari ya Juu ina maji, Sayari ya Chini ina kiu, wanapigana. Rubani wa Chini anampenda binti wa mkuu wa vita wa Juu. Sikuumiza kichwa kutunga. Sisi tulikaa chini ya mfereji, msichana niliyempenda alikaa juu, na baba yake ndiye alikuwa mzee wa mfereji, mgawaji wa zamu za maji. Mwaka ule masika yaligoma. Watu wa juu wakafunga maji, wakasema zamu yetu itarudi mvua ikirudi. Migomba yetu ikakunja majani. Kanisani wao wakakaa kulia, sisi kushoto, mchungaji katikati anahubiri upendo. Kwenye mnada wa sadaka, kabichi zao hakuna wa kwetu aliyezitaja hata bei.

Yule msichana alikuwa akishuka mpakani kukata majani ya ng'ombe. Mimi namfuata na daftari, namsomea.

"Subiri kwanza," akanikatiza siku moja. "Chombo cha anga kinapigwa kiki?"

"Betri imekufa. Ni vita hii."

"Na kina kioo kimoja cha pembeni?"

"Kingine kilivunjika."

"Wewe ni chizi, kweli tena. Hiyo si pikipiki ya kaka yako?" Akacheka mpaka mundu ukamdondoka. Halafu akauliza, "Mwisho wanaoana?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Baba yako."

Akaokota mundu. "Andika wanaoana. Tukishavuna kahawa nitamwambia mama. Wewe utafute wazee wa kuja kwetu, na wasiwe walevi."

Basi nikawa mtu mwenye mchumba, nusu.

Shida ikawa rubani wangu. Alitakiwa ashushe maji bila kuua mtu, na mimi sayansi niliishia kwenye mzunguko wa maisha ya chura. Nikamwuliza huyo mchumba. Akajibu huku anafunga mzigo wa majani, "Si atoe jiwe." Akanieleza: pale maji yanapogawanyika kuna jiwe bapa, limelala chini ya shina la mgomba, limezibwa kwa tope. Ukilitoa, maji yote yanashuka kwetu. Wanaolijua ni watu wa nyumbani kwao tu, na yeye ndiye anayembebea baba yake tope akiziba.

"Usimwambie mtu."

"Nani, mimi?"

Na kweli sikumwambia mtu. Niliandika. Mgomba nikauita mnara wa chuma, tope nikaliita saruji ya mwezini, nikajiona fundi wa kuficha. Jioni nikaenda na daftari kijiweni kwa wana wa bodaboda. Siku zote wananizomea. Siku hiyo wakasogea karibu.

"Hebu rudia hapo kwenye jiwe," mmoja akasema.

Mimi hapo kichwa kimevimba, ndio kwanza naombwa kurudia! Nikasoma mara tatu. Mara ya tatu taratibu, waelewe vizuri.

Kesho yake asubuhi maji yakashuka. Mama akakimbia shambani na jembe, anamshukuru Mungu. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikawakumbuka wana wa kijiweni.

Huko juu, baba wa msichana aliwakusanya watu wa nyumbani akauliza nani alitoa siri ya jiwe. Binti angeweza kukaa kimya. Akasema, "Mimi."

Nilipanda kwenda kukiri. "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Aliendelea kunoa panga. Nikarudia, "Shikamoo." Akageuza upande wa pili wa panga. Sikusubiri amalize.

Wiki mbili baadaye wazee wa pande zote wakachinja mbuzi, wakala pamoja, wakapanga zamu upya. Vita kwisha. Baba yake akavuliwa uzee wa mfereji, na binti akapangiwa kwenda kwa shangazi yake mbali, ambako mchumba alikuwa ameshatafutwa. Siku ya kuondoka alipita kwetu, mama yake ametangulia na begi. Daftari moja lilikuwa kwake, akalitoa.

"Shika."

"Sikumwambia mtu," nikasema, kama mjinga.

"Najua. Uliwasomea." Akatazama migomba yetu. "Maji yanafika?"

"Yanafika."

"Haya."

"Wee, gari!" mama yake akaita. Akaenda.

Ndoa yake ilitangazwa kanisani kwetu Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Nilihudhuria zote, upande wa kushoto. Nyimbo niliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Pale penyewe pa kusema, nilikohoa.

Siku hizi niko Moshono, nachomelea mageti, wateja wananipenda kwa utani. Daftari ninazo zote mbili, imebaki sura ya mwisho. Aliniambia niandike wanaoana. Juzi nimejaribu tena. Rubani amekaa kwenye chombo, amepiga kiki mara kumi na moja. Hakiwaki.