Taa Kumi Mbele ya Baba

Harufu ya lehemu ikiyeyuka, hata leo nikipita karibu na vibanda vya mafundi wa simu hapa Juba, hunisimamisha ghafla kama askari wa barabarani. Najikuta nabonyeza kovu dogo kwenye kidole changu, na masikio yananiuma. Ndiyo, masikio. Kidole kilipona zamani. Ngoja nikueleze.

Baba yangu alikuwa na tahuna, mashine ya kusaga unga, pale Hai Mauna. Tuliporudi kutoka Kenya aliikuta imeliwa na kutu, akaifufua, na tangu siku hiyo ikanguruma kutwa hadi kuku wa jirani wakasahau kutaga. Lakini ilikuwa na mpinzani mmoja tu mtaani: Baba mwenyewe. Akiomba chumvi, mbwa wote walikimbilia mtaa wa Kator. Akisalimu wageni, wageni walimwomba msamaha. Mama alipenda kutuambia kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kaka yangu Lado akamjibu, "Ya Baba yanamrudisha, tena anafunga na mlango."

Tulicheka, ila mwaka ule Mama hakucheka tena. Alichoka kufokewa majirani wakisikia. Akamwita dada yake, Mama Mkubwa, aje Jumapili kutoka mtaa wa Lemon Gaba atuchukue, yeye na sisi watoto, tukaishi kwake. Nguo zetu zilikuwa tayari zimefungwa kwenye shuka.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nikiunda kifaa cha kupima sauti. Mwalimu wa sayansi alituchorea mchoro ubaoni, nami nikajiona nimeshakuwa mhandisi wa Afrika nzima. Maikrofoni, ndogo kama punje ya mahindi, niliing'oa kwenye simu iliyokufa. Chipu ilikuwa na miguu mingi kama tandu. Taa kumi nilizipanga mstari mmoja: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Ukiongea kwa upole zinawaka mbili tatu. Ukipaza sauti zinapanda kama panya wanaokimbia mafuriko.

Nikichomelea mguu wa mwisho wa tandu wangu, lehemu ya moto ikanidondokea kidoleni. Baba alikuwa anakula. Alitupa kijiko, akapiga magoti kando yangu, akaweka mdomo kwenye sikio langu kabisa, akanguruma: "POLE, MWANANGU!" Nililia zaidi kwa ajili ya ile pole kuliko kidole.

Jumapili ikafika. Mama Mkubwa alikaa na chai yake, furushi miguuni. Mimi, ili Mama achangamke, nikakiweka kifaa mezani. Lado akakohoa: taa tano. Mama Mkubwa akacheka bila kupenda: njano.

Ndipo Baba akaingia, unga ungali kwenye nyusi. Akaliona furushi. Akaelewa. Akaketi taratibu mbele ya Mama.

"MAMA LADO, NAKUOMBA, USIENDE!"

Taa zote kumi zikawaka. Nakuapia, hata chai ilimwagika yenyewe.

"Ai, shemeji!" Mama Mkubwa akasema. "Hata kuomba unafoka?"

"NIMEFOKA WAPI? NIMEONGEA POLEPOLE!"

Kumi tena. Safari hii Baba aliziona. Akanitazama. "PONI, KITU CHAKO KIMEHARIBIKA." Kumi. Akamgeukia Mama. "SEMA NENO."

"Niseme nini, Baba Lado?"

Mbili. Kijani tupu.

Baba akainama mbele, macho kwenye midomo ya Mama. "UMESEMAJE?"

Taa zilizimika moja moja hadi mezani pakawa giza. Baba akaziba mdomo wake kwa kiganja chenye unga, akakaa hivyo, macho yamemtoka kama mtu aliyejikuta sokoni bila nguo. Kisha akajaribu. "Hivi?" Taa saba. "Hivi?" Nne. "Hivi ndivyo watu wanavyoongea?" Mbili.

Mama akakaa juu ya furushi. "Baba Lado," akasema, karibu kabisa na uso wake, "kumbe husikii?"

"Nilidhani ninyi ndio mmeanza kunong'ona," Baba akasema, akizikodolea taa. "Nilidhani mnanificha mambo."

Mama Mkubwa ndiye aliyelifungua lile furushi, na shuka likarudi kitandani. Kifaa changu kikabaki mezani, kando ya chumvi, na Baba alikitazama kila mlo kama dereva anavyotazama barabara yenye mashimo.

Mimi nilibaki na fahari yangu tu. Nilimfundisha Baba kuongea, nikawatangazia watu hadi ng'ambo ya Nile. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, mwalimu akieleza jinsi kelele za mashine zinavyokula sikio kidogo kidogo, kalamu ikaniponyoka. Sikuwaza tena kuhusu ile Jumapili. Niliwaza kuhusu ile pole. Nani hupiga magoti na kuweka mdomo sikioni mwa mtoto ili amfokee? Baba alikuwa akininong'oneza.