Maganda ya Misonobari

Bwana miti wa kijiji cha Kitai alikuwa na kisu kimoja cha kubandulia maganda ya misonobari, na neno moja alilolirudia mpaka sauti ikamkauka: “Ganda lenye wadudu lichomwe moto!” Tangu biashara ya mbao iwe huria, kila mwenye shoka alikata na kuacha magogo yazagae, na wadudu wakahamia miti iliyosimama, hata nusu ya msitu ilikuwa imeshakauka.

Leo Bibi Vitalia alimwonyesha kwa fahari mashimo ya ngolo shambani mwake, yaliyozungukwa na matuta yenye majani yaliyofukiwa ndani. “Maganda yote nimeyafukia humu pamoja na majani. Mbolea haichomwi, mwanangu.”

“Bibi, wadudu umewatandikia kitanda!”

Bwana miti akapiga magoti, akafukua ganda moja moja huku anafoka. Alipomaliza kuyatoa maganda, akayarudishia matuta yote udongo wake, akayalainisha kwa kiganja, bado anafoka.